Mwalimu wa Kiswahili Aichunguze Shule Kabla ya Kuhama

Katika sura zilizotangulia tumezichambua ngeli za nomino na upatanisho wake wa kisarufi kana kwamba wanafunzi wote wa Kiswahili huingia darasani kwa mlango mmoja. Ilitubidi kufanya hivyo, kwa kuwa kanuni hutangulia na matumizi hufuata. Hata hivyo, baadhi ya wanachuo wanaosoma kitabu hiki watafundisha nje ya nchi walikozaliwa. Tangu Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika ilipokipitisha Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne, Agosti 2019, fursa za kazi hiyo zimezidi kutajwa. Aghalabu mwalimu anayejiandaa kuhama huuliza mambo matatu: mshahara, nyumba na nauli. Ni maswali ya haki. Maoni yetu ni kwamba lipo swali la nne, na asipoliuliza mapema, majibu ya yale matatu hayatamfaa kitu mbele ya ubao: wanafunzi wa shule ile wanakuja na sarufi gani vichwani mwao?

Tuchukue mfano wa Malawi. Mji wa Lilongwe, ambao ni makao makuu ya nchi hiyo tangu 1975, umegawanywa katika maeneo yanayojulikana kwa namba, na Area 47 ni mojawapo ya mitaa yake ya makazi. Kati ya kilomita 40 na 50 kutoka hapo, katika wilaya ya Dowa, ipo kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Mahali hapo palikuwa gereza la kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda. Tangu 1994 pamekuwa makazi ya wakimbizi, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda. Kambi iliyokusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000 sasa ina zaidi ya 50,000. Mwalimu anayeitazama ramani anaweza kudhani kwamba Area 47 na Dzaleka, kwa kuwa ziko katika nchi moja na ni mwendo mfupi kwa gari, zinahitaji somo moja la ngeli. Hazihitaji.

Mwanafunzi wa Area 47 ambaye lugha yake ni Kichewa huenda hajui neno la Kiswahili, lakini mfumo wa ngeli anao tangu utotoni. Husema *munthu uyu* na *anthu awa*, nasi husema *mtu huyu* na *watu hawa*. Husema *chakudya ichi*, nasi husema *chakula hiki*. Mwanafunzi huyu hana haja ya kufafanuliwa kwa wiki tatu kwamba nomino hutawala kivumishi na kitenzi. Jambo hilo ameshalijua kabla ya kuvaa sare ya shule. Haja yake ni kuonyeshwa mahali ambapo lugha hizi mbili zinaachana njia. Katika Kichewa, *zakudya izi* na *nyumba izi* huchukua kiwakilishi kimoja, kwa sababu upatanisho wa *zi-* unahudumia wingi wa nomino za *chi-* pamoja na wingi wa nomino za aina ya *nyumba*. Kiswahili hutenganisha: *vyakula hivi*, lakini *nyumba hizi*. Basi mwalimu atarajie kusikia *vyakula hizi*, na aandae zoezi la kosa hilo kabla halijatamkwa.

Mwanafunzi wa Dzaleka aliyelelewa katika familia itokayo Kivu ana hali nyingine. Yeye anazungumza Kiswahili. Amekinunulia chumvi sokoni, amekichezea mpira, na huenda ndicho kilichowaunganisha wazazi wake na majirani kutoka Burundi. Lakini Kiswahili chake ni cha mashariki ya Kongo. Anaweza kusema *batu* pale tunapoandika *watu*, *bitu* pale tunapoandika *vitu*, na *niko mwalimu* pale tunapoandika *mimi ni mwalimu*. Katika mazungumzo ya kawaida huweza kutumia *hii* kwa nomino za ngeli kadhaa, bila kutofautisha *huyu*, *hiki* na *hili*. Mwalimu asiyeichunguza shule atayahesabu yote hayo kuwa makosa na kujaza daftari la mtoto wino mwekundu. Mwalimu aliyechunguza atatambua kwamba *ba-* si uzembe wa ulimi. Wanaisimu wa lugha za Kibantu huichukulia *ba-* kuwa umbo la kale la kiambishi hicho. Kirundi kinasema *abantu* na *ibintu*, na Kiswahili sanifu ndicho kilichofikia *wa-* kwa njia yake. Atatambua pia kwamba *hii* ya jumla ni suala jingine kabisa, linalohitaji mafunzo ya subira, kwa kuwa hapo mwanafunzi anapaswa kujifunza tofauti ambazo lahaja yake haimdai.

Hapa tunagusa jambo lenye uzito. Mtoto wa mkimbizi amevuka mipaka akiwa na mali chache, na lugha ni mojawapo. Mwalimu mgeni akimwambia siku ya kwanza kwamba hajui Kiswahili, amempokonya mali hiyo kwa sentensi moja, tena kwa jina la sarufi. Mwanafunzi wa namna hiyo hunyamaza, na mwanafunzi aliyenyamaza hafundishiki.

Wapo wenzetu watakaopinga wakisema kwamba Kiswahili sanifu ni kimoja, na mtahini hatauliza mtahiniwa amezaliwa Uvira au Lilongwe. Tunakubali. Hatusemi kwamba *bitu* iandikwe katika insha ya mtihani. Tunasema kwamba mwisho wa safari ni mmoja lakini vituo vya kuanzia ni viwili, na mwalimu asiyejua mwanafunzi amesimama kituo gani hawezi kumwelekeza njia. Anayetoka kwenye Kichewa anajenga msamiati juu ya msingi wa ngeli alionao. Anayetoka kwenye Kiswahili cha Kongo ana msamiati tele, na anajifunza usajili mwingine wa lugha yake mwenyewe.

Kwa hiyo, mwalimu anayehama afanye uchunguzi gani? Kwanza, aulize lugha ya kufundishia. Nchini Malawi, Sheria ya Elimu ya mwaka 2013 ilikipa Kiingereza nafasi hiyo, ilhali kwa miongo mingi Kichewa kilitumika katika madarasa ya chini. Maana yake ni kwamba maelezo ya sarufi huenda yakatolewa kwa lugha ambayo si ya mwalimu wala ya mwanafunzi. Pili, aulize ngazi na mitihani: miaka minane ya msingi na minne ya sekondari, na mtihani wa taifa mwishoni mwa kila ngazi. Tatu, aulize kama Kiswahili kimo katika ratiba. Julai 2023 Malawi ilitangaza nia ya kukifundisha Kiswahili shuleni. Nia njema hiyo tunaipongeza, lakini tangazo halina kipindi cha Jumatatu asubuhi, halina kitabu cha kiada wala halina mtahini. Mwalimu aombe kuiona ratiba yenyewe. Nne, aulize masharti ya usajili wa walimu na kibali cha kazi, na kama cheti chake, hasa kilichoandikwa kwa Kifaransa, kitahitaji kutafsiriwa na kuthibitishwa. Tano, aombe kusoma madaftari machache ya wanafunzi, au kusikiliza darasa moja. Katika daftari moja la insha tutaona mengi kuliko katika kurasa zote za barua ya ajira.

Tunaongeza neno kwa wakuu wa shule. Malawi iliridhia Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987 huku ikijiwekea akiba kuhusu baadhi ya vifungu, vikiwamo vya ajira na uhuru wa kuchagua makazi. Na mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warejee Dzaleka. Sheria hizo si sisi wa kuzitengua. Lakini shule ya Lilongwe inayotafuta mwalimu wa Kiswahili maelfu ya kilomita mbali ijue kwamba karibu nayo wapo wazungumzaji, na miongoni mwao walimu, ambao wamekitumia Kiswahili maisha yao yote. Shule iulize kwanza ni ushirikiano gani unaoruhusiwa kisheria, kisha iandike tangazo la kazi. Mwalimu mgeni naye, akifika, awafanye hao kuwa wenzake. Kuuliza si ujinga, na anayestahili kuulizwa si lazima awe na ofisi.

Mwanachuo afanye zoezi hili kabla ya kuendelea na sura ya vivumishi. Achague nchi moja ambayo angependa kufundisha. Atafute lugha mbili zinazozungumzwa na wanafunzi wa huko, aandike jinsi kila moja inavyosema *mtu huyu*, *watu hawa*, *kitu hiki* na *vitu hivi*, kisha abashiri makosa mawili ambayo wanafunzi hao watayafanya katika Kiswahili sanifu. Asipoweza kubashiri hata moja, bado hajaijua shule anayotaka kuhamia.