Ghala la Ini na Mtoto Mwenye Homa

Kila familia ya Usukumani inajua faida ya michembe. Viazi vitamu vikiwa vingi hukatwa, huanikwa na kuwekwa akiba, ili kiangazi kikifika watoto wasilale njaa. Mwili nao una ghala lake, nalo ni ini.

Tunapokula ugali wa udaga, viazi au wali, chakula hicho husagwa tumboni kikawa sukari, nayo huingia katika damu. Homoni iitwayo insulini huliamuru ini kuichukua sukari iliyozidi na kuiunganisha kuwa glikojeni, yaani sukari ya akiba. Saa zikipita bila kula, homoni nyingine, glukagoni, hulifungua ghala: glikojeni huvunjwa, na sukari hurudi katika damu kuulisha ubongo. Misuli pia ina akiba, tena kubwa kuliko ya ini, lakini huitumia yenyewe tu.

Ini la mtu mzima huweka gramu 100 hivi, za kutosha usiku kucha. Ghala la mtoto mdogo ni dogo, na ubongo wake unahitaji sukari nyingi. Akipata malaria kali akakataa chakula, akiba huisha upesi. Hapo hulegea, hupoteza fahamu, pengine hupatwa na degedege. Wengine husema karogwa, na muda unapotea.

Kwa hiyo, wapendwa wazazi, hatukubaliani na wanaosema mtoto mwenye homa aachwe mpaka atake kula mwenyewe. Wala si vema kumpeleka zahanati na tumbo tupu, hasa kwa walioko Ukerewe au Kome, ambako mgonjwa husubiri kivuko. Anayenyonya anyonyeshwe mara kwa mara. Anayeweza kumeza apewe uji, au maji safi mililita 200 yaliyokorogwa na vijiko vinne vya chai vya sukari. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, atapaliwa. Alazwe ubavu, awekwe chini ya ulimi kijiko kimoja cha chai cha sukari iliyoloweshwa kwa matone ya maji, na akimbizwe hospitali. Degedege likiwa bado linaendelea, msimtie chochote kinywani.

Sukari haitibu malaria. Kipimo na dawa viko zahanati. Lakini yaweza kumfikisha mtoto huko akiwa hai. Basi sukari ya nyumbani isiwe ya chai ya wageni tu.