Simu Haikuzaa Uadui

Wazee wetu wa Kilosa na Mikumi hunena kwamba simu imewaharibu vijana na kuua baraza. Shutuma hii ni tamu kinywani, lakini haina mizani. Mwezi wa Desemba, mwaka 2000, watu 38 waliuawa katika Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, kwa ugomvi wa wakulima na wafugaji. Siku zile ni wangapi kijijini waliokuwa na simu mkononi? Chuki ilikwenda kwa miguu, ikafika.

Kosa la vijana ni jingine, wala siwasamehe kwalo. Mwana wa mkulima yumo katika kundi lake la WhatsApp, na mwana wa mfugaji katika lake. Ng'ombe wakiingia shambani, picha huzunguka upande mmoja kabla jua halijachwa. Upande wa pili haupati ila hasira. Je, huku ndiko kupashana habari? Zamani mtani alikuwa na ruhusa ya kumwambia mtu ukweli mchungu, naye akacheka. Mtani wa namna hiyo leo huondolewa kundini usiku uleule.

Lakini wazee nao wajibu: baraza lao lilipokuwa hai, mfugaji aliwekewa mkeka?