Meli Iliyotekwa na Majina Yaliyosahauliwa

Wahenga walisema ya kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Leo twawasimulia habari za chombo kilichokwisha kuingia maji, lakini kikatekwa, kikazibwa, kikasafiri tena. Na njia ya kukifikia ilipita katika nchi yetu hii ya shaba.

Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya kwanza, Wadachi ndio waliotawala maji ya Ziwa Tanganyika. Waingereza wakaleta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, chini ya amri ya Spicer-Simson. Zilipanda gari-moshi toka Cape Town hata Fungurume, mashariki ya Kolwezi; hapo reli ikakoma. Mbele yake palikuwa na mwitu na milima ya Mitumba, zaidi ya kilomita 200 hata Sankisia. Magari ya mvuke na ng'ombe walizivuta. Lakini ni nani waliofyeka njia, wakajenga madaraja, wakashika kamba magari yaliposhindwa? Ni wenyeji. Na magari yalipokosa maji, akina mama waliyaleta kichwani. Kisha mashua zikafika Bukama, na mto Lualaba ukazichukua hata Kabalo, zikapanda reli tena mpaka ziwani.

Tarehe 26 Desemba 1915 meli ya Kidachi, Kingani, ilipigwa mizinga, nahodha wake akafa, ikatekwa. Maji yalikuwa yakiingia tunduni, basi ikapandishwa ufukoni isizame. Mafundi wakaliziba tundu, wakaiwekea mzinga mkubwa zaidi, wakaiita Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Fifi hiyo hiyo ikaizamisha Hedwig von Wissmann, iliyokuwa mwenzake jana.

Tazameni basi: meli ya adui ilipata jina jipya, nalo lasomwa vitabuni hata leo. Mashua mbili nazo zina majina. Bali wale waliozivusha milima, majina yao hayamo. Chuma kikitoboka huzibwa; mtu akisahauliwa, atazibwa pengo lake na nani?

Twawaomba ninyi wazazi jambo moja. Kama nyumbani mwenu yuko mzee aliyesikia kwa babu au bibi yake habari za kazi ile, mketisheni jioni hii pamoja na watoto. Mtoto ajuaye kuandika na ashike daftari, aandike jina la babu yule na la kijiji chake. Tusingoje wageni watuandikie.