Rada za bahari: nani anatoa agizo?

Hapa mashariki wengi wetu tunajua ziwa kuliko bahari. Tunajua pia uchungu wa kungoja mtumbwi usiorudi. Kwa hiyo habari za mitambo inayochunguza bahari zinatuhusu.

Mwaka 1955 Douglass Crombie wa New Zealand alieleza jinsi mawimbi ya bahari yanavyorudisha mawimbi ya redio. Redio ya megahezi 15 ina wimbi la mita 20, nayo hurudishwa kwa nguvu zaidi na mawimbi ya maji yenye urefu wa mita 10. Kasi ya wimbi la maji la namna hiyo inajulikana; inayozidi au kupungua ni kazi ya mkondo unaolibeba. Mwaka 2011 tsunami ya Japani ilionekana katika vipimo vya rada za huko na za California. Nchini Marekani, walinzi wa pwani hutumia ramani za mikondo kutafuta waliopotea baharini.

Lakini mpangilio mmoja hautoshi. Megahezi 5 hufika karibu kilomita 200, ila picha yake si ya kina. Masafa ya juu huona karibu na kwa undani. Bahari ikichafuka sana, vipimo vyake vya mawimbi huharibika. Ndiyo maana wahandisi wanabuni rada zinazobadilishwa kwa programu, bila kujengwa upya.

Kubadilika huko kuna mipaka. Mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa 2012 ulitenga masafa ya rada hizi, zisivuruge huduma nyingine. Basi mfumo mzuri wa kuziongoza unapaswa kukataa agizo lisiloruhusiwa, na kuandika kila badiliko pamoja na vipimo vyake. Bila kumbukumbu hiyo, mkondo utasomwa vibaya, na waokoaji watatafuta kusini mtu aliye kaskazini. Tena rada hizo huweza kuona meli. Sisi tulioishi katika vita tunaelewa upesi kwa nini inafaa kuuliza nani anatoa agizo, na anawajibika kwa nani.

Je, tuziombe kwa ajili ya Kivu na Tanganyika? Tusiharakishe. Zinategemea chumvi ya bahari ili mawimbi ya redio yafike mbali; juu ya maziwa yetu umbali ungepungua sana. Kwetu kinachotangulia ni onyo la upepo linalofika ufukweni kwa lugha ya wavuvi, na nahodha anayekataa abiria wa ziada. Oktoba 2024 boti iliyojaa kupita kiasi ilizama karibu na Goma, watu wa bandarini wakitazama. Siku ile macho ya kuona yalikuwapo. Aliyekosekana ni mtu wa kusema: boti hii haiondoki. Mtu huyo tunaweza kumdai leo, katika kila bandari yetu.