Roketi Yako Haitaangushwa na Injini, Itaangushwa na Bolti ya Bob 30

Wacha nikiri kitu kwanza. Ile video yangu ya roketi ikipaa, ile mlisambaza mpaka shangazi yangu kijijini akaiona, niliikata. Niliikata pale roketi inafika juu kabisa. Kilichofuata hamkukiona. Parachuti ilitoka poa, ikafunguka, halafu roketi ikaachana nayo. Parachuti ikaenda zake na upepo. Roketi ya kilo 1.5 ikashuka kama mkuki, ikachomeka ardhini hatua kama 20 kutoka kwa kijana aliyekuwa akichunga mbuzi. Yeye alicheka. Mimi nilikaa chini, miguu ilikataa.

Injini ilifanya kazi yake. Parachuti pia. Kilichoniangusha ni bolti yenye pete kichwani, ile tunafungia kamba ya parachuti. Niliinunua bob 30 bila hata kuiangalia mara ya pili. Pete yake ilikuwa waya uliokunjwa tu, haikuchomelewa pale ncha inakutana na shina. Kamba ilipovutwa ghafla, pete ikafunguka kama mdomo.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya, na najua kuna watu watakasirika: sisi wa roketi ndogo tunajidanganya. Tunabishana wiki mzima kuhusu injini, tunapaka rangi mara tatu, halafu bolti tunaokota jioni ya mwisho kutoka kwa mkebe wa misumari. Bolti ndiyo inafaa kuchaguliwa mapema, kwa sababu ndiyo inaamua kama kitu kitarudi chini polepole au kitamrudia mtu kichwani.

Piga hesabu na mimi. Parachuti ikichelewa kufunguka, roketi inakuwa imeshika kasi, na mshtuko unaweza kufika mara 30 ya uzito wake. Kilo 1.5 mara 30 ni kilo 45. Huo ni karibu mfuko mzima wa simiti, ukidondoshwa ghafla kwenye ile pete. Sasa angalia bolti yako tena.

Kuna wale watasema, "Si uweke tu bolti kubwa, mambo yaishe?" Hapana. Chuma ni kizito, na ukikirundika upande wa mkia, roketi inapoteza usawa na kuanza kuyumba. Halafu bolti nene kwenye kisahani cha plaiwudi haikusaidii kitu kama plaiwudi yenyewe ndiyo itapasuka. Bolti itatoka nzima kabisa, na kipande cha mbao kimeing'ang'ania. Dawa yake ni washa pana pande zote mbili, ili mvuto usambae. Pete iwe imefungwa kwa kuchomelewa. Nati iwe ile yenye mviringo wa nailoni ndani, kwa sababu nati ya kawaida hulegea ikitetemeshwa, na roketi ni mtetemo kutoka mwanzo.

Na si kila kitu kinafaa kuwa imara. Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Kwa roketi zinazotumia baruti kidogo kusukuma pua itoke, pua hushikiliwa na skrubu ndogo za nailoni, kama za milimita 2. Kazi yake ni kuvunjika. Zishike pua wakati wa kupaa, halafu zikatike baruti ikilipuka. Rafiki yangu mmoja aliona nailoni ni vitu vya watoto, akaweka za chuma. Pua haikutoka. Parachuti ilibaki ndani, imekunjwa vizuri sana, mpaka chini.

Kwa hivyo kabla ya kuuliza "ipi ni ngumu?", uliza "hii inafaa kushika, ama inafaa kuachilia?"

Sasa tuje dukani. Unaenda na bolti ya M6, nati imepotea. Muuzaji anachimba kwa ndoo, anakupatia moja, anakuambia, "Hii ni saizi hiyohiyo, kijana." Mara nyingi ni ya robo inchi. Robo inchi ni milimita 6.35, na meno yake hayapishani sawa na ya M6. Inaingia mizunguko kadhaa, inakaza, unadhani imefika. Kumbe imeshika kwa meno machache tu. Simlaumu mzee wa watu, anauzia mafundi wa mageti, na geti halipai. Wewe ndiye unajua inaenda wapi. Beba rula ya kupimia, ama beba bolti yenyewe uijaribu mpaka mwisho.

Na kama unadhani kupima kwa macho ni shida ya vijana wa roketi za karatasi, kumbuka Juni 1990. Ndege ya British Airways ikitoka Birmingham kwenda Málaga ilipoteza kioo cha mbele ikiwa angani. Rubani alivutwa nje nusu mwili, wenzake wakamshikilia miguu mpaka wakatua. Alipona. Kioo kilikuwa kimebadilishwa muda mfupi kabla, na fundi alilinganisha bolti mpya na za zamani kwa macho. Kati ya bolti 90, 84 zilikuwa nyembamba kuliko zinavyotakiwa. Tofauti haikufika hata milimita 1.

Huyo alikuwa fundi mwenye uzoefu. Mimi na wewe ni nani?

Roketi yangu inayofuata itaning'inizwa kwanza. Nitafunga kamba kwenye pete, niweke mfuko wa simiti upande wa pili, niudondoshe. Ikifunguka, ifungukie hapo nyumbani. Na video hiyo sitaikata, hata kama haina moshi wala kelele. Kuhusu ile ya kwanza, nimerudisha sehemu niliyoficha. Mtazame yule kijana na mbuzi wake, halafu mwende mkaangalie bolti zenu.