Tusiwaamuru wakulima wa migomba, tuwaelimishe

Kuna jambo linaloniudhi kila ninapozungumza na wakulima wa migomba hapa Uganda. Wengi wameambiwa wapitishe panga kwenye moto kabla ya kuhamia shina jingine, lakini hawakuelezwa kwa nini. Matokeo yake, mkulima hulifuta panga kwa jani kavu, akaliona linang'aa, kisha akaendelea na kazi. Hapo ndipo tunapopoteza mashamba.

Mnyauko wa migomba, ambao Waganda huuita kiwotoka, ulionekana hapa nchini mwaka 2001 katika wilaya ya Mukono. Kabla ya hapo ulijulikana Ethiopia, ambako wataalamu waliueleza mwaka 1968 kwenye ensete, mmea wa ukoo mmoja na mgomba. Haukuishia kwetu. Umeingia pia Kongo, Rwanda, Tanzania, Kenya na Burundi.

Anayesababisha balaa hili ni bakteria wa jamii ya Xanthomonas. Wahenga walisema umoja ni nguvu, na viumbe hawa wadogo wanaishi kwa msemo huo. Bakteria mmoja peke yake ni dhaifu. Lakini wakishaingia ndani ya mgomba huzaana, hushikamana na kujifunika kwa ute mzito. Ute huo huziba mishipa inayopandisha maji kutoka kwenye mizizi. Majani hunyauka ilhali ardhi ina unyevu, na ndizi huiva kabla ya wakati huku ndani zimeoza.

Asiyeamini uzito wa ute huo na atazame kiwandani. Ute wa bakteria wa ukoo huo huo hutengenezwa kwa makusudi na kuuzwa kwa jina la xanthan, na hutumika kuufanya mchuzi wa chupa uwe mzito. Kiasi kidogo sana chatosha chupa nzima.

Sasa tafakari, ndugu msomaji. Mkulima akikata shina gonjwa, ute wa manjano hutiririka na kushika kwenye panga. Ute huo huwakinga bakteria wasikauke upesi. Kulifuta panga kwa jani ni kuondoa kinachoonekana tu na kuacha kinachoua. Moto, au dawa ya klorini ya kufulia nguo, ndiyo huwamaliza. Nasi tuna desturi ya kuazimana mapanga, na vibarua wetu huzunguka shamba hadi shamba. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wadudu nao hubeba ute huo kutoka ua dume moja hadi jingine. Kwa hiyo ua hilo livunjwe kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu, mara tu chane ya mwisho inapotokeza.

Miaka ya mwanzo mkulima aliagizwa kung'oa shina lote pamoja na machipukizi yake. Kazi hiyo ni ngumu mno, hasa kwa mjane au mzee, na wengi waliamua kuficha ugonjwa. Baadaye utafiti ulionyesha kwamba bakteria hawafiki kwenye kila chipukizi. Kwa hiyo, mahali ambapo ugonjwa haujaenea sana, mgomba unaougua hukatwa peke yake usawa wa ardhi, na ukaguzi hurudiwa mara kwa mara bila kuchoka. Ushauri huu unampa mkulima nafasi ya kuokoa chakula cha watoto wake. Ni aibu kwamba vijijini bado wapo ambao haujawafikia.

Wala nisieleweke kwamba bakteria wote ni adui. Wapo wanaokaa kwenye mizizi ya maharage, wakalishwa sukari na mmea, nao wakaulipa kwa naitrojeni wanayoitoa hewani. Mkulima anayefahamu hilo hatakimbilia kumwaga dawa kila mahali.

Ombi langu kwa maofisa wa kilimo ni moja. Mkienda kijijini msibebe amri peke yake. Kateni shina gonjwa mbele ya watu, waonyesheni ute, waelezeni kazi yake, kisha washeni moto. Mkulima aliyeuona ute ukishika kwenye panga hatahitaji askari wa kumsimamia.