Programu yako ya bainari haijaiva kama haiwezi kuandika Wanjikũ

Tuambiane ukweli, wasee. Ukianza kujifunza Python, lazima utapatana na hili zoezi: unapewa mstari mrefu wa 0 na 1, unaambiwa uugeuze uwe maandishi. Unaandika mistari mitatu, neno linatokea, unapiga skrinishoti, unaposti. Sina noma na hiyo. Noma ni kwamba wengi tunafunzwa nusu ya zoezi, halafu hiyo nusu ndiyo tunaingia nayo kazini.

Nusu yenyewe ni hii. Chukua 01010011 01100001 01110011 01100001. Kila kikundi cha biti nane ni baiti moja. Ukihesabu kutoka kulia, nafasi zina thamani ya 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64 na 128. Baiti ya kwanza ina 64, 16, 2 na 1, jumla 83. Kwenye ASCII, ile orodha ya nafasi 128 iliyotengenezwa Marekani miaka ya 60, 83 ni S, 97 ni a, 115 ni s. Umesoma "Sasa". Kwa Python ni chr(int(b, 2)) kwa kila baiti, unaunganisha, kwisha.

Haya, jaribu hii sasa: 11000101 10101001. Programu yako itakuletea Å©. Lakini aliyeandika alimaanisha ũ, ile ya mwisho kwa Wanjikũ. Hesabu haijakosewa, kwa sababu 197 ni Å na 169 ni © kweli. Kilichokosewa ni mkataba. Kwenye UTF-8, baiti ikianza na 110 inasema "mimi na huyu anayefuata ni herufi moja", na huyo anayefuata huanza na 10. Toa hizo alama, unganisha zilizobaki, 00101 na 101001, unapata 361. Hiyo ndiyo nambari ya ũ kwenye Unicode.

Kwa hivyo 0 na 1 peke yake hazisemi kitu. Maana inatoka kwa makubaliano ya anayeandika na anayesoma.

Najua kuna mtu atasema, "Si watu washazoea kuandika Wanjiku bila alama?" Ni kweli, na wengine hawajali. Lakini kwa Gĩkũyũ, u na ũ ni sauti mbili tofauti. Kama jina litaandikwa bila alama, acha mwenyewe aamue, si developa ambaye hata hajamwona.

Halafu usidhani ni ya Wakikuyu pekee. Cheki Ng'ang'a, cheki Ong'ang'o. Ile alama iliyonyooka ni nambari 39, imo ndani ya ASCII. Fomu ikiikataa, hiyo ni uvivu wa aliyeitengeneza. Lakini simu zingine hukuwekea ile iliyopinda, ambayo kwa UTF-8 ni baiti tatu. Ikisomwa kwa mkataba wa Windows-1252, jina linakuwa Ngâ€™angâ€™a. Hata ikisomwa vizuri, kompyuta inaona majina mawili tofauti kama hakuna aliyeiambia ni kitu kimoja. Mtu anafika dirishani, anatafutwa kwa alama iliyonyooka, anaambiwa hayuko kwenye sistimu. Yuko, ila amepinda.

Hata pesa inaingia. SMS moja ina baiti 140. Kwa mkataba wa kawaida wa biti saba, hizo ni herufi 160. Orodha hiyo ina ù ya Waitaliano lakini ũ haina. Ukiweka ũ moja tu, ujumbe wote unahamia mkataba wa baiti mbili kwa kila herufi, na nafasi inashuka hadi 70. Ujumbe wa herufi 100 kwa wanachama wa chama unahesabiwa kama SMS mbili. Ndiyo maana ni rahisi kwa developa kufuta alama kimyakimya kuliko kumwelezea bosi.

Na dawa si ngumu. Badala ya chr, andika bytes(int(b, 2) for b in biti.split()).decode("utf-8"). Hapo umetaja mkataba wazi. Ken Thompson na Rob Pike walibuni UTF-8 mwaka wa 1992, na waliipanga ili maandishi ya ASCII yabaki vilevile. "Sasa" yako haiharibiki. Hatuna kisingizio.

Ombi langu kwa wanaofunza programu hapa kwetu: wacheni "Hello World" ipumzike kidogo. Tumieni rejista ya darasa. Kila mwanafunzi aandike jina la shosho yake vile shosho mwenyewe analitamka, aligeuze kuwa 0 na 1, kisha alirudishe. Likirudi limevunjika, irekebishwe programu. Jina liachwe hivyo lilivyo.